Shemeji anasema kiharusi ni cha damu yetu weusi, sasa vidonge vya nini?

Shikamoo Bibi,

Naomba jina langu lisitoke, huku Igombe, Mwanza, tunajuana wote. Nina miaka 41, mama wa pacha na wadogo zao wawili. Nachuuza dagaa. Alfajiri nipo mwaloni nasubiri mitumbwi, mchana naanika, magunia yakijaa napeleka soko la Mwaloni pale Kirumba. Mume wangu ana miaka 47, ni mvuvi wa dagaa. Giza likiingia nao wanaingia ziwani, wanarudi kunakucha. Alianza enzi za karabai, sasa wanatumia taa za sola, lakini usiku ni uleule. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili.

Akirudi anaoga, anakula, saa tatu asubuhi anajitupa kitandani. Saa saba ameshaamka, maana jua likipiga mabati hakukaliki humo ndani. Anashona nyavu, anapita kijiweni, jioni anasinzia kidogo kwenye kiti, kisha safari tena. Siku za mbalamwezi ndipo analala usiku kama watu wengine, na siku hizo mimi ndiye nisiyelala. Bibi, mwanaume huyu anakoroma mpaka watoto chumba cha pili wanacheka. Mkoromo nimeuzoea. Kinachonitoa jasho ni pale unapokatika. Kifua kinahangaika, hewa haiingii. Nimewahi kuhesabu taratibu hadi ishirini. Halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, anavuta pumzi kwa kelele, anageuka, anaanza upya. Akiamka kichwa kinamuuma, anasingizia upepo wa ziwa. Mwezi wa nne alisinzia ameshika kamba, akatumbukia. Wenzake wakamvuta. Walirudi wakisimulia kwa kicheko, mimi nilikosa hata mate ya kumeza.

Mama mkwe ananiambia nisimwamshe. Kwake, mwanaume anayekoroma ameshiba na hana deni, analala usingizi wa pono.

Kilichonifanya nikuandikie ni habari ya kaka yake mkubwa. Mwaka juzi, akiwa na miaka 49, aliamka mkono wa kulia haunyanyuki na mdomo umekwenda upande. Wakasema ametupiwa kitu. Akapelekwa kwa mganga, akakaa siku mbili, ya tatu ndipo hospitali. Yupo hai, lakini mguu anauburuta na maneno hayaji. Watu wote anatuita "mama".

Baada ya hapo wauguzi walikuja mwaloni kupima presha bure. Mume wangu alikutwa na 168 kwa 104. Akapewa vidonge, akameza mwezi mmoja, akajiona mzima, akaacha. Baadaye alinong'ona jambo jingine: vijana wa kijiweni wamemwambia dawa za presha zinamaliza nguvu za kiume.

Sasa shemeji yangu, mdogo wa mume, yupo Marekani, Atlanta, anafanya kazi ya kutunza wazee. Ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo. Anasema huko wamefanya utafiti mkubwa, wakakuta weusi wanapata kiharusi kuliko wazungu, tena wakiwa bado na nguvu zao, kwa hiyo ni damu, tumeumbwa hivyo. Akaongeza kwamba utafiti huohuo umeonyesha kukoroma kunahusiana na kiharusi kwa wazungu, kwa weusi hapana, basi nimwache kaka yake alale. Wifi naye akadakia: kiharusi kimeingia kwenye ukoo tangu walipoanza kuoa Ukerewe. Mimi ni Mkerewe, Bibi.

Mume aliusikiliza ule ujumbe mara mbili. Akaniambia, "Umesikia? Kama ni damu, vidonge vitafanya nini?" Nikakosa jibu.

Naomba unisaidie. Ni kweli ni damu yetu? Nimwache akorome? Na mama mkwe anauliza kama kitunguu saumu kinatosha kushusha presha.

Mama Pacha, Igombe

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na wifi yako, maana yeye ni mwepesi. Aliyeugua ni kaka mtu, mtoto wa mama mkwe wako. Wewe uliingia kwenye ukoo ule umeshakuwa mtu mzima, umebebwa na mahari, si na mimba. Damu yako ya Ukerewe iliingiaje mwilini mwa shemeji yako mkubwa? Mwulize hivyo hivyo, kwa upole, mkiwa mnamenya viazi. Tukimaliza hapo twende kwenye mambo yenye uzito.

Shemeji wa Atlanta hakuzusha. Utafiti anaousema upo, unaitwa REGARDS. Ulianza kuandikisha watu mwaka 2003, weusi na wazungu zaidi ya 30,000, wote wa miaka 45 na kuendelea, na wamefuatiliwa kwa miaka mingi. Ni kweli kwamba katika umri wa makamo Mmarekani mweusi hupata kiharusi zaidi ya mara mbili ya mzungu wa umri wake. Mpaka hapo shemeji yuko sawa. Alipoteleza ni pale aliporuka kutoka kwenye hesabu hadi kwenye damu, kama mtu anayeona dagaa wengi Igombe akasema wamezaliwa kwenye gunia.

Huko anakoishi, Georgia, ni kati ya majimbo ya kusini mashariki mwa Marekani ambayo wataalamu wanayaita Ukanda wa Kiharusi. Hata wazungu wa ukanda huo hupata kiharusi kuliko wazungu wa majimbo mengine. Hawa nao damu yao ilibadilika walipovuka mpaka wa jimbo? Ukiondoa damu, kinachobaki ni chakula, kipato, kazi, mtaa anaokaa mtu, na presha iliyopimwa au isiyopimwa.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi. Mwaka 1997 yalichapishwa majibu ya watu waliopimwa presha katika sehemu tatu za dunia, wote wenye asili ya Afrika Magharibi. Kuna waliobaki nyumbani Nigeria na Kameruni, kuna ambao babu zao walipelekwa utumwani visiwa vya Karibi, na kuna wa Marekani, karibu na Chicago. Asili moja. Lakini wenye presha walikuwa asilimia 16 Afrika Magharibi, asilimia 26 Karibi, na asilimia 33 Marekani. Ukiwa na macho ya mchuuzi utaona bei inapanda kadiri mzigo unavyokwenda mbali, na mzigo ni uleule.

Hata nyumbani tuna mfano wetu. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi wilayani Hai, Kilimanjaro, na katika eneo moja la Dar es Salaam. Walipolinganisha umri wa watu, Hai walipata takriban wagonjwa wapya 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000. Dar es Salaam 316. Karibu mara tatu, na wote ni Watanzania weusi. Kwa hiyo mume wako akisema "kama ni damu", mjibu kwamba ya Hai na ya Dar ni damu ya aina moja, na bado majibu yamepishana hivyo.

Sikudanganyi kwamba ukoo hauna lolote. Presha hutembea kwenye koo, na mtu aliyeona kaka yake wa tumbo moja akianguka na 49 lazima ajiangalie mapema kuliko jirani yake. Lakini hata hapo jiulize wale ndugu wawili wamegawana nini zaidi ya wazazi: ziwa moja, usiku mmoja, sahani moja ya chumvi, na tabia moja ya kuacha dawa wakijisikia vizuri.

Na kama mtu anataka kabisa kuzungumzia damu na kiharusi katika Kanda ya Ziwa, ipo sehemu moja ambapo yuko sahihi, nayo haihusu rangi ya ngozi. Ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, wengi huuita sikoseli. Huku kwetu karibu mtoto mmoja kati ya watano huzaliwa amebeba kinasaba kimoja cha selimundu, ambacho peke yake si ugonjwa. Aliyerithi viwili, kwa baba na kwa mama, ndiye mgonjwa, na anaweza kupata kiharusi hata akiwa mtoto wa chekechea. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kliniki yake, na dawa ya hydroxyurea inasaidia. Nimelitaja kwa sababu nimeona mama wengi wakiambiwa mtoto karogwa. Kwa mume wako silo lililopo mezani, tuendelee.

Kukoroma. Hapa ndipo ujumbe wa shemeji ungeweza kukuletea msiba. Ni kweli, mwaka 2024 watafiti wa REGARDS walitoa majibu kwamba dalili za kukatika pumzi usingizini zilikwenda pamoja na kiharusi kwa wazungu, na kwa weusi uhusiano huo haukuonekana. Sasa angalia waliipataje hesabu hiyo. Waliuliza maswali: unakoroma, unajisikia mchovu, daktari amewahi kukuambia una tatizo hili? Hawakuwafunga watu vipimo usiku kucha. Kuna utafiti mwingine wa Wamarekani weusi, katika mji wa Jackson, Mississippi, ambao uliwafunga watu vipimo wakiwa wamelala. Karibu robo yao walikuwa na tatizo la pumzi la kiwango cha kati au kikali. Katika hao wenye tatizo, asilimia 95 walikuwa hawajawahi kuambiwa na daktari yeyote. Sasa ukimuuliza mtu kuhusu ugonjwa ambao hajui anao, atakujibu nini? Utamwandika mzima, kisha utashangaa kwamba "wazima" nao wanaanguka.

Halafu wale wa Jackson waliokuwa na hali kali ndio walioongoza kwa presha sugu, ile isiyoshuka hata kwa dawa tatu. Hao ni weusi, shemeji asisahau kulisema kwenye kundi.

Ipo sababu nyingine ninayoifikiria, na hii ni fikra yangu mwenyewe kama muuguzi mstaafu. Mtumbwi ukiwa tayari umejaa maji, ndoo moja zaidi haionekani. Kwa Wamarekani weusi waliopimwa mle, presha isiyodhibitiwa imeshafanya kazi kubwa ya kuleta kiharusi, hivyo mkoromo peke yake unazama kwenye hesabu. Mwaka 2013 watafiti haohao walionyesha kwamba namba ya juu ya presha ikipanda kwa 10, hatari ya kiharusi kwa mzungu iliongezeka kwa asilimia 8, kwa mweusi asilimia 24. Namba ileile ya kwenye mashine, uzito mara tatu. Mume wako ana 168. Unaona kwa nini sikulala baada ya barua yako.

Kinachotokea ukiwa unahesabu hadi ishirini ni hiki. Mtu akilala, nyama za koo hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea mpaka njia ya hewa inajifunga. Hewa inapungua kwenye damu, ubongo unapiga kengele, mwili unamwaga homoni zilezile za mtu anayekimbizwa na kiboko, presha inaruka, mtu anashtuka, anapumua, analala, na mchezo unaanza upya. Usiku wa kawaida presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20, mishipa inapumzika. Yake haipati mapumziko hayo. Hata maumivu ya kichwa anayoyasingizia upepo ni alama mojawapo. Mwaka 2023 kulitoka utafiti wa watu wapatao 4,500 kutoka nchi mbalimbali, nusu yao wakiwa wamepata kiharusi. Waliolala chini ya saa tano kwa kawaida walikuwa mara tatu zaidi kwenye kundi la wagonjwa kuliko waliolala saa saba, na waliokuwa wakishtuka kwa kukoroma na kuvuta hewa kwa nguvu walikaribia mara tatu pia. Hesabu za namna hii hazithibitishi kwamba usingizi ndio uliowaangusha. Lakini mume wako analala saa nne, na anashtuka.

Wataalamu wana dodoso la maswali manane. Anakoroma kwa sauti? Anachoka mchana? Kuna aliyemwona pumzi ikikatika? Ana presha? Ni mnene kupita kiasi? Amezidi miaka 50? Shingo inazidi sentimita 40? Ni mwanaume? Kwa barua yako peke yake nimeshapata "ndiyo" tano, na tano zinatosha kumweka kwenye kundi la hatari kubwa. Azima futi ya fundi cherehani umpime shingo, kwa kuongezea tu. Na yale maelezo ya kuhesabu hadi ishirini uyaandike au umrekodi kwa simu, dakika tatu zinatosha. Daktari hatakuwepo chumbani kwenu, wewe ndiye kipimo chake.

Sasa kazi yenyewe. Usianze na mkoromo, anza na presha, kwa sababu hiyo ndiyo yenye dawa ya bei nafuu na ushahidi usio na ubishi. Na usipange kliniki kwa kalenda ya ukutani, panga kwa mwezi. Mbalamwezi ikiwaka na mitumbwi ikiwa imepumzika, ndizo siku zake. Amelala usiku, hajakimbia na gunia, hajavuta sigara wala kunywa chai muda mfupi kabla. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza, ngozi wazi. Mimi mwenyewe, niliyefanya kazi hii maisha yangu yote, niliwahi kupimwa juu ya mkono wa sweta katika kituo kimoja, binti anachati, nikaambiwa niko vizuri. Nilimwomba arudie, akaninunia. Wewe nuniwa tu. Warudie mara mbili au tatu. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, hiyo ni presha. Ikifika 180 kwa 120 na ana maumivu ya kifua, kichwa kinachopasua, macho kufifia au udhaifu wa upande mmoja, msisubiri kliniki, nendeni hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu vidonge: alijisikia mzima kwa sababu presha haina sauti, na alipokuwa akimeza huenda ilikuwa imeshuka kweli. Kuacha ni kama kutoboa mtumbwi kwa sababu haukuingiza maji jana. Na kama mna hofu kwamba ni dawa za wazungu zisizotufaa, hilo limeshapimwa. Mwaka 2019 yalitoka majibu ya jaribio lililofanyika kwa wagonjwa weusi katika nchi sita za Afrika, zikiwemo jirani zetu Kenya na Uganda. Michanganyiko yenye amlodipine ilishusha presha vizuri zaidi kuliko ule usiokuwa nayo, na amlodipine ni kidonge cha kawaida madukani kwetu. Kwa mtu wa usiku, swali ni ameze saa ngapi. Jaribio kubwa la Uingereza lililotoa majibu mwaka 2022 lilikuta kwamba kumeza asubuhi au jioni hakuleti tofauti kwa kiharusi na moyo. Basi kidonge kiwekwe juu ya kawa la chakula anachokula akirudi ziwani, kwa sababu chakula hicho hakikosi. Kama amepewa na kile cha kukojosha, amwambie muuguzi kwamba yeye hulala mchana, wapange saa ambayo haitamwamsha kila nusu saa wala kumsumbua mtumbwini.

La kijiweni nalo nalijibu wazi, maana limewaua wengi kwa aibu. Baadhi ya dawa za presha zinaweza kumpunguzia mwanaume nguvu, ni kweli. Nyingine hazina tabia hiyo. Lakini presha yenyewe isiyotibiwa huharibu mishipa ya huko pia, na kukatika pumzi usiku kunachosha mambo hayo hayo. Akiona mabadiliko arudi kwa aliyemwandikia, aseme neno moja: "nibadilishie". Wauguzi tumesikia hayo mara elfu, hatucheki. Akiona aibu mbele ya binti mdogo, aombe muuguzi wa kiume.

Usingizi wake wa mchana tuutengeneze. Saa nne chini ya mabati ya moto ni mateso. Kama kuna chumba upande usiopigwa na jua la asubuhi, kitanda kihamie huko. Dirishani tundika blanketi zito au kitenge mara mbili, giza liwe giza. Simu ikae kwako. Wale pacha wacheze kwa bibi yao mpaka saa nane, na mama mkwe atakuwa amefanya la maana kuliko kumsifia usingizi wa pono. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyobeba ziwani avipunguze, hasa kuanzia saa nane usiku, la sivyo anarudi macho makavu. Na pombe ya kumpa usingizi asiiguse, ndiyo inayolegeza koo zaidi. Alale ubavu, si chali. Wazee wa wodini tulikuwa tunawashonea mfuko mgongoni mwa fulana na kutia mpira mdogo ndani, akigeuka chali unamwamsha. Kama ana kitambi, kila kilo inayoondoka inaifungulia shingo nafasi.

Akishaanza dawa za presha, daktari anaweza kumpa rufaa kwa mabingwa wa masikio, pua na koo pale hospitali ya Bugando wamtazame njia ya hewa. Huenda mtasikia habari za mashine inayosukuma hewa kupitia kinyago usiku kucha. Inasaidia sana kwa mkoromo na kusinzia mchana, na kwa mtu anayesinzia juu ya maji hilo si dogo. Lakini msiuze mtumbwi kwa ajili yake mkidhani mmenunua kinga ya kiharusi. Mwaka 2016 yalitoka majibu ya jaribio la watu zaidi ya 2,600 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au mishipa ya ubongo. Waliopewa mashine kusinzia mchana kuliwapungua, ila viharusi havikupungua. Walikuwa wakiivaa wastani wa saa tatu na kidogo tu kwa usiku, na wabishi wanasema ndiyo sababu. Mimi nasema kidonge kwanza.

Mpaka hali hiyo itulie, asishike kamba peke yake. Zungumza na mwenye mtumbwi, usimwachie yeye, wanaume hawaambiani hayo. Na jaketi la kuokolea livaliwe mwilini, si likaliwe kama mto.

Kuhusu yule kaka. Hukuniandikia kama anameza dawa yoyote. Aliyepata kiharusi mara moja ndiye wa kwanza kwenye foleni ya kupata cha pili, kwa hiyo siku hiyo ya mbalamwezi wapeleke wote wawili, mpande daladala moja. Mpelekeni pia kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo na waulizieni mazoezi ya kusema. Hata baada ya miaka miwili kuna maneno hurudi, na mtu anayewaita wote "mama" mara nyingi anajua vizuri anamwita nani, ni ulimi uliokataa. Msimfokee.

Na ikitokea tena kwa yeyote, mdomo ukaenda upande, mkono ukaanguka, maneno yakakoroga, tazameni saa dalili zilipoanza na mwende hospitali yenye kipimo cha CT scan, picha ya ndani ya kichwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na ni kipimo hicho tu kinachotofautisha mshipa ulioziba na uliopasuka. Msimpe aspirini njiani, maana kama mshipa umepasuka mtaongeza kuvuja kwa damu. Msimpe maji wala uji, koo lililopooza huvipeleka kwenye mapafu. Kwenu Ukerewe, ukihesabu meli kutoka Nansio, zaidi ya saa tatu zinaishia ziwani peke yake, ndugu zako wa huko wanahitaji kujua hili kuliko ninyi wa Igombe ambao mjini ni mwendo wa daladala. Mganga, kama familia haiwezi kumwacha, aje hospitali kuona wagonjwa saa za kutembelea.

Mama mkwe mpe jibu lake kwa heshima. Kitunguu saumu akitie kwenye dagaa, tena kingi, apunguze chumvi, ladha haitapotea. Kwa 168, kidonge.